Wageni wa Kaskazi: Somo la Kutazama Ndege Mbezi Luis

Mwezi wa Septemba unapokwisha na upepo wa kusi kulegea, hapa Mbezi Luis huanza kufika wageni wasioshukia katika kituo cha mabasi. Hawana mizigo wala tiketi, na wengi wetu hupita chini yao kila siku tukienda shule bila ya kuinua macho. Hao ni ndege wahamaji. Wengine wametoka Urusi na Ulaya, wengine pwani za Uarabuni, nao hukaa kwetu au hupita kwetu mpaka masika. Somo hili lataka kueleza mambo matatu: kwa nini ndege hao huja, ni wepi tuwezao kuwaona, na jinsi ya kuandika habari zao hata maandishi yetu yawafae na watu wengine.

1. Kwa nini huja

Tumezoea kusema kwamba ndege hao huikimbia baridi. Maneno hayo ni kweli, lakini si kweli yote. Manyoya ni nguo nzuri, na ndege wengi wa Ulaya walao mbegu hubaki kwao hata theluji ianguke. Jambo kubwa ni chakula. Mwezi wa Desemba, mchana wa Moscow ni wa saa 7 tu, na wadudu wamekufa au wamejificha. Ndege alaye nzi na mbu atakula nini? Hapa kwetu mchana ni karibu saa 12 mwaka mzima, na mvua za vuli huamsha kumbikumbi na wadudu wa kila namna. Basi baridi yao ndiyo joto letu, na njaa yao ndiyo shibe yetu.

Mwanafunzi mwenye akili atauliza, “Kama huku kuna shibe, kwa nini wasikae moja kwa moja?” Jibu ni hili. Mwezi wa Juni, mchana wa Moscow huzidi saa 17, na wadudu huwa wengi mno. Mzazi mwenye makinda ana saa nyingi za kuwalisha. Hapa angeshindana na ndege wenyeji, tena angesumbuliwa na nyoka na wezi wengi wa mayai. Kwa hiyo huja kwetu kula, hurudi kwao kuzaa.

Yafaa tukumbuke kuwa njia hii si ngeni kwa watu wa pwani. Majahazi ya Uarabuni na Bara Hindi yalikuja Unguja na Mzizima kwa upepo wa kaskazi, yakarudi kwa upepo wa kusi. Kuna kozi mmoja mdogo mwenye miguu myekundu, anayezaa mashariki ya Siberia na kaskazini ya Uchina. Yeye hupita Bara Hindi, huvuka bahari kwa msaada wa upepo huohuo, akafika Afrika ya Mashariki na kuendelea kusini.

Kipupwe chetu nacho kina wageni wake. Kati ya Mei na Oktoba huja kulasitara mdogo wa Bukini, yaani Madagaska, ambaye huzaa huko na kuvuka bahari kuja bara. Ndege huyo sasa ni adimu sana, na yumo katika hatari ya kutoweka duniani.

2. Siri hii ilivyojulikana

Zamani watu wa Ulaya hawakujua mbayuwayu wao huenda wapi. Wengine walisadiki kwamba hulala ndani ya matope chini ya maziwa mpaka baridi iishe. Mwaka 1822, karibu na mji wa Klütz katika Ujerumani, alipatikana korongo mwenye mkuki shingoni. Mkuki ule ulikuwa wa Kiafrika. Korongo yule alichomwa huku, akaruka nao mpaka kwao. Mwili wake umehifadhiwa hata leo katika Chuo Kikuu cha Rostock.

Mwaka 1899, mwalimu wa shule katika mji wa Viborg, Denmark, jina lake Hans Christian Mortensen, alianza kuwavisha ndege pete nyepesi za alumini miguuni, kila pete na namba yake. Njia hiyo ikaenea. Mei 1911, Bwana John Masefield alimvisha pete mbayuwayu huko Staffordshire, Uingereza. Desemba 1912, mbayuwayu yuleyule alishikwa Natal, Afrika ya Kusini. Ndege mwenye uzito wa gramu 20 hivi alikuwa amevuka bahari, jangwa la Sahara na misitu, na jambo lililokuwa fumbo kwa karne nyingi likathibitishwa kwa kipande kidogo cha chuma na daftari lililoandikwa vizuri.

Katika Afrika ya Mashariki kazi hiyo hufanywa Ngulia, katika mbuga ya Tsavo, Kenya. Tangu 1969, usiku wa ukungu wa Novemba na Desemba, ndege wahamaji hushuka kwa kuvutwa na taa, nao hukamatwa kwa nyavu laini, huvishwa pete, kisha huachwa waende. Nchini kwetu Bwana Reginald Moreau alifanya kazi Amani, Tanga, tangu 1928 hata 1946, akajifunza sana habari za ndege. Katika kazi yake alisaidiwa na Salimu Asmani, mtu mwenye macho makali na ujuzi mkubwa wa ndege wa msituni. Elimu ya Amani haikutoka kwa mgeni peke yake. Macho ya mwenyeji yalikuwamo.

3. Wageni wa kutafuta

Tanzania ina aina za ndege zaidi ya 1,100. Msijaribu kuwajua wote kwa siku moja. Anzeni na hawa watano.

Mbayuwayu wa Ulaya. Mtafuteni juu ya nyaya za umeme na juu ya viwanja vya michezo, hasa baada ya mvua. Mgongo wake ni buluu ya kung'aa, koo ni la rangi ya kutu, na chini ya koo pana utepe wa giza kama mkufu. Msimchanganye na mbayuwayu mwenyeji akaaye karibu na madaraja. Huyo ana kofia ya kutu, lakini koo na kifua chake ni cheupe kabisa.

Keremkerem wa Ulaya. Hupita makundi kwa makundi, juu sana, wakiitana. Mara nyingi utawasikia kabla ya kuwaona. Koo lake ni la njano, mgongo wa hudhurungi, na tumbo la buluu yenye kijani. Hula nyuki, lakini kwanza humpigapiga nyuki juu ya tawi mpaka mwiba utoke.

Kitwitwi mtikisa mkia. Mtazameni kando ya mto Mbezi na hata kwenye mitaro. Juu ana rangi ya udongo, chini ni mweupe, na weupe huo hupanda kidogo mbele ya bawa. Hatulii, sehemu yake ya nyuma hupanda na kushuka daima. Akishtuka huruka chini karibu na maji, akipiga mabawa kwa mikupuo mifupi.

Ndege wa majani. Huyu ni mdogo kuliko shomoro, uzito wake gramu 10 hivi, rangi yake kijani iliyofifia na unjano kidogo. Huzunguka katika majani ya mwembe au mkorosho akiokota wadudu. Ni mnyenyekevu hata wengi hawamwoni, na kumbe ametoka Ulaya ya kaskazini au Siberia. Husafiri usiku, na kinda wake husafiri mara ya kwanza bila ya kuongozwa na wazazi.

Mla kaa. Huyu hapatikani Mbezi Luis, yuko pwani. Ni mweupe na mweusi, miguu mirefu, na mdomo mweusi mnene kama patasi. Huzaa katika pwani za Uarabuni, Uajemi na Somalia, ndani ya shimo alilolichimba mchangani, ambamo hutaga yai moja jeupe. Maji yakipwa hutembea akiwinda kaa. Mkienda pwani siku ya mapumziko, mwangalieni.

4. Jinsi ya kutazama na kuandika

Wakati mzuri ni tangu saa 12.30 asubuhi mpaka saa 3. Jua likiwa kali ndege hujificha. Msivae nguo nyeupe, msipige kelele, wala msiende watu wengi, wanne watosha. Nendeni kwa ruhusa ya wazazi au mwalimu, na msishuke mtoni wakati wa mvua, maana maji ya mito yetu hupanda kwa ghafula. Darubini ni kitu kizuri, lakini asiye nayo asikate tamaa. Macho mawili, daftari na penseli vyatosha kuanza.

Umwonapo ndege usiyemjua, usikimbilie jina. Jiulize kwanza: Je, ni mkubwa kuliko shomoro? Ni sawa na njiwa? Ni sawa na kunguru? Mdomo wake ni mwembamba, mnene au umepinda? Anafanya nini, na yuko wapi? Andika palepale kabla hujasahau. Huu ndio mfano:

Tarehe: 14 Novemba. Saa: 1.10 asubuhi.
Mahali: ukingo wa mto, chini ya daraja.
Hali ya hewa: mawingu, mvua ilinyesha usiku.
Ndege: kitwitwi mtikisa mkia, 2.
Maelezo: walikuwa wakiokota wadudu katika matope, mmoja alimfukuza mwenziwe.

Shikeni kanuni tatu. Ya kwanza, piteni njia ileile kila juma. Ya pili, mkikosa ndege andikeni 0, maana kutoonekana nako ni habari. Ya tatu, msiandike msichokiona. Mkiwa na shaka, andikeni “sina hakika.” Daftari lenye shaka tano za kweli lashinda daftari lenye majina hamsini ya kubahatisha.

5. Kwa nini tuandike sasa

Katika hesabu ya watu ya 2012, Mkoa wa Dar es Salaam ulikuwa na watu 4,364,541. Katika hesabu ya 2022 walikuwa 5,383,728. Maana yake ni watu zaidi ya milioni moja walioongezeka kwa miaka kumi, na wote wataka mahali pa kulala. Kituo kikuu cha mabasi cha Magufuli kilifunguliwa hapa Mbezi Luis mwaka 2021, na nyumba zimeongezeka kila upande. Hatulaumu mtu kwa kujenga. Sisi wenyewe twakaa katika nyumba hizo. Lakini mabonde ya mito hujazwa kifusi na taka, mchanga huchimbwa, na miti ya kingo hukatwa. Pori la Akiba la Pande na msitu wa Pugu vimesalia kama visiwa.

Fikirini kitwitwi aliyetoka Urusi. Amevuka milima na jangwa kufika katika ukingo wa matope uliomlisha mwaka jana. Akikuta ukuta wa saruji, hana wa kumwuliza. Wala watu wa kwao hawatajua kwa nini hakurudi, kwa sababu aliyepotea amepotelea kwetu. Maisha yake yamo katika amana ya nchi nyingi, na sisi ni mmoja wa wadhamini.

Ndipo daftari la mwanafunzi lipatapo thamani. Vitabu vya dunia vyaweza kutuambia habari za mbayuwayu kwa jumla, lakini haviwezi kutuambia alifika lini katika bonde la Mbezi mwaka huu, na wangapi. Habari hiyo haiwezi kuandikwa baadaye na mtu yeyote, hata awe profesa. Isipoandikwa siku yake, imekwisha. Na siku mtu atakapouliza kama bonde lilikuwa na faida yoyote, hatutajibu kwa kumbukumbu za wazee tu. Tutafungua daftari na kumwonyesha tarehe.

Neno moja kwa wenye manati. Ndege wa gramu 20 si kitoweo. Hajazi hata kiganja. Safari ya maelfu ya kilomita isiishie katika jiwe la mtoto asiye na njaa. Nanyi wazazi, mkimwona mwana anatazama juu ya mwembe asubuhi na daftari mkononi, msidhani anapoteza wakati. Yumo darasani.

Kazi ya kufanya

1. Chagua njia moja ya nusu saa karibu na kwenu. Ipite kila Jumamosi ya muhula huu na kuandika kila ndege unayemwona.
2. Andika tarehe ya kwanza uliyomwona mbayuwayu wa Ulaya, na tarehe ya mwisho. Linganisha na mwenzako wa mtaa mwingine.
3. Chora ramani ya safari ya mbayuwayu tangu Staffordshire mpaka Natal. Taja nchi tano ambazo huenda alizipita.
4. Waulize wazee wa mtaani kwenu: ni ndege gani waliokuwa wengi zamani, nao sasa hawaonekani? Walionekana wapi, na mahali hapo pana nini leo?
5. Eleza kwa maneno yako: kwa nini kuandika 0 kwaweza kuwa habari kubwa kuliko kuandika 10?