Halali Iliyo Nzuri: Darasa Juu ya Bekoni, Baga na Smoki



Tuliulizwa katika darasa letu suala hili: kijana wa Kiislamu ametoka mwambao, amekwenda Nairobi kutafuta riziki, amepanga chumba Mukuru kwa Njenga. Haonji baga ya jibini yenye bekoni, kwa kuwa bekoni ni nguruwe. Lakini kila siku hula smoki za ng'ombe njiani. Je, huyu amesalimika?

Jawabu yetu ni kwamba amesalimika katika mlango mmoja. Katika mlango wa pili bado. Katika Sura ya Al-Baqara, aya ya 168, Mwenyezi Mungu amewaamrisha watu wale kilicho halali na kilicho kizuri. Ni sifa mbili hizo, wala si moja. Wengi wetu twaishika ya kwanza kwa nguvu, na ya pili twaiacha ipite.

Ama mlango wa kwanza, hauna mjadala. Bekoni ni nyama ya nguruwe iliyotiwa chumvi na dawa ya kuihifadhi, na mara nyingi ikafukizwa moshi. Kwetu ni haramu, kwa dhiki wala kwa raha, isipokuwa kwa aliyelazimika hasa. Lakini tahadhari, ewe ndugu: smoki hutengenezwa kwa nyama ya ng'ombe, ya kuku au ya nguruwe, na zikishatolewa katika pakiti na kupangwa juu ya toroli, jicho haliwezi kuzipambanua. Muulize muuzaji, na uitazame pakiti.

Ama mlango wa pili, ndio tuliokusudia. Dawa ile ya kuhifadhi, iitwayo naitraiti, haibagui mnyama. Hutiwa katika bekoni, na hutiwa pia katika soseji na smoki nyingi za ng'ombe, ili nyama isiharibike na ibaki na rangi nyekundu. Tumboni huweza kugeuka vitu vyenye kudhuru utumbo. Mwaka 2015, wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani walihukumu kwamba nyama zilizohifadhiwa namna hii husababisha saratani ya utumbo mpana. Walisema kila gramu 50 zinazoliwa kila siku, nacho ni kiasi cha smoki moja au mbili, huongeza hatari hiyo kwa asilimia 18 hivi. Haina maana kwamba watu 18 katika 100 wataugua. Maana yake ni kwamba hatari aliyokuwa nayo mtu yazidi kwa kadiri hiyo. Anayekula mara moja kwa siku nyingi asitishike. Anayefanya mazoea ndiye wa kuonywa.

Kisha iko chumvi. Shirika hilo hilo lataka mtu mzima asifikishe gramu 5 kwa siku, yaani asijaze kijiko kimoja cha chai. Baga moja ya jibini na bekoni huweza kuchukua nusu ya kiasi hicho au zaidi, na mafuta yake mazito juu yake. Chumvi hupandisha shinikizo la damu, na shinikizo huleta kiharusi na maradhi ya moyo na figo. Uchunguzi uliofanywa Kenya mwaka 2015 ulionyesha kwamba karibu mtu mzima mmoja katika kila wanne alikuwa na shinikizo la juu.

Hatusemi haya kuwalaumu maskini. Mukuru kwa Njenga ni mtaa wa mabanda kando ya viwanda vya Nairobi. Maji hununuliwa kwa mtungi, makaa hununuliwa kwa kopo, na mtu huamka alfajiri kwenda kazini kwa miguu. Smoki iliyopasuliwa ikatiwa kachumbari humpa shibe ya haraka kwa pesa chache. Na muuzaji naye atafuta riziki yake.

Lakini njia hiyo hiyo ina chakula kilicho bora kuliko hicho: githeri, chapati kwa maharagwe, yai la kuchemsha, sukumawiki, omena, parachichi. Nasi wa mwambao twajua mbaazi na samaki tangu utoto. Nyama safi kidogo ya kuchemsha haina ubaya. Ina nguvu ya damu na mwili.

Basi twawausia vijana wetu: smoki na baga visiwe chakula cha kila siku, kiongezwe kisichotoka kiwandani. Nanyi wazazi, mnapompigia simu mwanenu, msimuulize tu kama ameepuka nguruwe. Muulizeni pia amekula nini. Mwili ni amana, na mwenye amana ataulizwa.

Wa billahi tawfiq.