Mmoja katika Kumi

Yako maneno ya Kiingereza yaliyozaliwa vitani. Mojawapo ni kitenzi "decimate". Tukitaka kulijua vema neno hili, yatupasa kulifuata mpaka kwao, yaani kwa Warumi wa kale.

Katika lugha ya Kilatini, "decem" ni kumi. Neno hilo limo pia katika jina la Desemba. Maana hapo kale mwaka wa Warumi ulianza mwezi wa Machi, na Desemba ulikuwa mwezi wa kumi.

Jeshi la Warumi lilikuwa na adhabu ya kutisha. Askari wakikimbia mbele ya adui, waligawanywa kumi kumi, wakapigiwa kura. Aliyeangukiwa na kura aliuawa kwa marungu, na waliompiga ni askari wenzake. Kura haikuuliza nani shujaa na nani mwoga. Waliosalia walipewa shayiri badala ya ngano, wakalazwa nje ya boma. Mwandishi wa kale Plutarch asimulia ya kuwa katika vita vya watumwa walioongozwa na Spartacus, mwaka 73 hata 71 kabla ya Kristo, jemadari Crassus aliwaadhibu hivyo askari 500, wakafa 50.

Basi maana ya kwanza ya "decimate" ni kuua mmoja katika kila kumi. Lakini maneno husafiri, na safarini hubadilika. Siku hizi maana yake ni kuangamiza sehemu kubwa ya watu, wanyama au mimea. Vitabu vya Kiingereza husema hivyo juu ya sotoka, iliyoua ng'ombe wa Afrika ya Mashariki katika miaka ya 1890. Na waliokufa walipita sana mmoja katika kumi.

Angalia mambo mawili. Neno hili hutumika kwa wengi, si kwa mtu mmoja. Tena lataka wawepo waliosalia; kama wote wamekwisha, tafuta neno lingine.

Maswali

1. Kwa nini Desemba ina jina la kumi?
2. Askari 300 wakiadhibiwa kwa desturi ile, watakufa wangapi?
3. Moto uliteketeza nyumba zote za kijiji, isibaki hata moja. Je, "decimate" lafaa hapa? Toa sababu.