Mwembe Nao Hupumzika



Uani kwetu pana mwembe wa dodo alioupanda marehemu baba. Mwaka mmoja ulizaa hata matawi yakainama. Tukala, tukagawia majirani, tukauza. Mwaka uliofuata haukujaza hata kapu moja, nami nilikuwa nimekwisha kuahidi karo ya mtoto kwa kuyategemea maembe hayo. Kwa hasira nikachukua shoka. Mama akaniuliza, "Mwanangu, wewe shuleni hupewi likizo?" Nikalirudisha shoka.

Hebu tujifunze sababu zake.

Kwanza, uchovu. Kuzaa sana humaliza akiba ya chakula iliyomo katika shina na mizizi. Machipukizi mapya huchelewa kutoka, na kipupwe cha Juni na Julai huyakuta bado machanga. Chipukizi changa halitoi maua.

Pili, hali ya hewa. Kabla ya kuchanua, mwembe hupenda ukavu na baridi kidogo. Mvua zikiendelea, hutoa majani badala ya maua.

Tatu, maua si maembe. Shada moja huwa na maua mamia, pengine maelfu, na mengi ni ya kiume tu, yasiyoweza kuzaa. Hata mwaka mwema, kwa kawaida maua 100 hayafikishi embe moja la kuvuna. Mvua ikinyesha wakati wa maua, nzi na wadudu wengine wachukuao chavua hawafanyi kazi vema, na ugonjwa wa chule huyaunguza maua. Ubwiri unga nao huyapukutisha.

Basi tufanye nini? Tusikope fedha kwa kuyatazama maua. Baada ya kuvuna, tupogoe matawi makavu na yaliyosongamana, tuweke na samadi. Tupande miti zaidi ya mmoja, maana si yote hupumzika mwaka mmoja. Na mwaka wa neema, tuweke akiba kwa ajili ya mwaka wa likizo.

Mwembe wa baba ungali umesimama. Wajukuu wangu wanaupanda kila Desemba, maembe yawepo yasiwepo.

Zoezi la nyumbani:
1. Mti wako ulizaa sana mwaka gani? Uliofuata je?
2. Mwaka huu uanze daftari: andika siku ya maua ya kwanza, siku za mvua, na idadi ya makapu.