SOMO LA AFYA YA MACHO: Lenzi ya bandia ikihama ndani ya jicho



Wengi wetu tunawajua wazee waliopasuliwa mtoto wa jicho wakaona tena. Daktari huondoa lenzi iliyopata ukungu na kuweka ya bandia, yenye upana wa milimita 6 hivi. Daktari Harold Ridley aliiweka kwa mara ya kwanza London mwaka 1949. Lenzi hiyo hukaa ndani ya kifuko chembamba kilichoshikiliwa na nyuzi ndogo sana. Kifuko kikichanika au nyuzi zikikatika, lenzi huhama.

Kwa nini huhama?
Jicho kupigwa na ngumi, mpira au kipande cha kuni, kuanguka, au kulisugua sana. Wakati mwingine nyuzi hulegea zenyewe baada ya miaka mingi. Si uchawi.

Dalili
1. Kuona ukungu ghafla.
2. Kuona kitu kimoja kama viwili hata ukifumba jicho lingine.
3. Kuona ukingo wa lenzi kama duara.

Ukiona miali ya mwanga, vidoa vingi vyeusi au kitu kama pazia, au jicho likiwa jekundu na kuuma sana, nenda kliniki siku hiyo hiyo. Ukichelewa unaweza kupofuka.

Matibabu ni yapi?
Dawa ya matone hairudishi lenzi mahali pake. Ikiwa imesogea kidogo na mgonjwa anaona vizuri, daktari anaweza kuiangalia tu kwa muda. Ikisogea zaidi, huirudisha, huishona kwenye ukuta mweupe wa jicho, au huitoa na kuweka nyingine. Ikiangukia nyuma kabisa, mtaalamu huondoa kwanza ute uliojaa ndani ya jicho. Kazi hii ni ngumu kuliko upasuaji wa kwanza, na si kila hospitali huifanya.

Uanzie wapi?
Anza kliniki ya kambi upate barua ya rufaa. Tororo kuna Hospitali ya Macho ya Benedictine. Upande wa Kenya, ipo ya Sabatia, Vihiga. Wao watasema kama unahitaji kupelekwa mbele.

Tunza kadi yako
Mwaka 2008 Wakenya waliokimbia kupitia Busia na Malaba walipokelewa Mulanda, Tororo. Anayekimbia hivyo huacha mengi nyumbani. Kadi ya upasuaji humwonyesha daktari mpya aina ya lenzi na nguvu yake. Ikiwa imepotea, nenda hivyo hivyo. Jicho litapimwa upya.

Kumbuka: lenzi iliyohama inatibika. Usimwache mzee akae gizani.