Bwawa Jipya Nyumbani: Vidokezo 7 vya Kubana Umeme

Bwawa la kuogelea hujengwa mara moja, lakini umeme wake unalipiwa kila mwezi. Sehemu kubwa ya gharama hiyo huamuliwa mapema, siku unapochagua mashine na kabla zege halijamwagwa.

1. Anza na hesabu ya maji
Bwawa la mita 8 kwa 4, lenye kina cha wastani cha mita 1.5, hubeba lita 48,000. Ukitaka maji yote yapite kwenye chujio ndani ya saa 8, pampu ya lita 6,000 kwa saa inakutosha. Fundi akikuletea kubwa zaidi, mwombe akuonyeshe hesabu yake.

2. Nunua pampu ya kubadili kasi
Hapa ndipo umeme mwingi unapookolewa. Mota ikizunguka kwa nusu ya kasi, maji yanayopita hupungua kwa nusu, lakini umeme inaovuta hushuka hadi karibu moja ya nane. Tuseme pampu yako inavuta kilowati 1.1. Kwa saa 8 itakula uniti 8.8 kwa siku, yaani 264 kwa siku 30. Ukiiendesha kwa nusu kasi saa 16, itachuja maji yaleyale kwa takriban robo ya umeme huo, au zaidi kidogo kwa sababu ya upotevu ndani ya mota. Dukani ni ghali kuliko ya kawaida, ila kadiri unavyoitumia ndivyo inavyojilipa.

3. Mabomba mapana, kona chache
Bomba la inchi 2 hupitisha maji kwa wepesi kuliko la inchi moja na nusu, na kila kona kali huongeza kazi ya pampu. Chumba cha mashine kiwe karibu na bwawa. Bomba likishafukiwa, kulibadilisha ni kuvunja.

4. Chujio lisibane
Chagua kubwa kidogo kuliko kipimo cha chini. La katriji huoshwa kwa mpira wa maji. La mchanga husafishwa kwa kurudisha maji kinyume, na hapo mamia ya lita humwagwa. Penye mgao wa maji, katriji ina nafuu.

5. Usisahau kifuniko
Joto la bwawa hupotea zaidi kwa mvuke. Kifuniko huzuia mvuke huo, huokoa maji na klorini, na huzuia majani. Kitoe chote kabla mtu hajaingia majini, hasa mtoto.

6. Joto: tumia jua kwanza
Ukiwa Dar es Salaam, Mombasa au Unguja, hita haihitajiki. Nairobi na Arusha, ambako Juni na Julai maji hupoa, weka mabomba meusi ya sola juu ya paa. Yasipotosha, tafuta pampu ya joto: hutoa joto mara nne hadi tano ya umeme inaotumia, wakati hita ya koili hutoa sawa na inachokula.

7. Taa za LED na saa ya kujizima
Taa ya zamani ya wati 300 inaweza kubadilishwa na LED isiyozidi wati 40. Kama una paneli za sola, tumia saa ya kujizima kupanga pampu ifanye kazi mchana.

Kabla ya kutoa malipo ya awali, dai orodha ya bei inayotaja wati za kila mashine na kipenyo cha kila bomba. Fundi anayejua kazi yake ataiandika bila kusita.