Ukiona Giza Unaposimama, Usikimbilie Kidonge cha Presha

Chukua mfano wa nyanya wa miaka 70 anayeishi Kaloleni, mjini Voi, na anayetumia dawa za presha. Mchana wa jua kali amejinyoosha kitandani. Anasikia hodi, anainuka ghafla. Macho yanaingia giza, kichwa kinazunguka, anashika ukuta. "Presha imepanda," anajiambia, kisha anameza kidonge kingine. Hapo ndipo penye hatari, kwani huenda presha yake imeshuka.

Je, hutokea nini mwilini? Mtu anaposimama, damu ipatayo nusu lita au zaidi huteremkia tumboni na miguuni. Inayorudi moyoni hupungua, na ubongo huweza kukosa damu ya kutosha. Kwa kawaida mwili hujirekebisha kwa sekunde chache: moyo huenda mbio na mishipa ya damu hujikaza ili damu ipande.

Kwa wengine marekebisho hayo huchelewa. Hao ni kama wazee, wagonjwa wa kisukari ambao neva zao zimedhoofika, na wanaotumia baadhi ya dawa za presha, hasa za kuongeza mkojo. Joto la Voi huzidisha mambo, kwa sababu jasho hupunguza maji mwilini na mishipa ya ngozi hutanuka. Kuhara na kutokwa na damu pia huishusha presha.

Unapokwenda kliniki, omba upimwe ukiwa umelala, kisha ukiwa umesimama kwa dakika 1 na dakika 3. Kipimo cha juu kikishuka kwa 20 au zaidi, au cha chini kwa 10 au zaidi, daktari atajua tatizo liko wapi.

Nyumbani fanya hivi:

1. Kabla ya kuinuka, keti ukingoni mwa kitanda dakika moja au mbili huku ukichezesha nyayo.
2. Kunywa maji ya kutosha, isipokuwa kama daktari amekuwekea kiwango.
3. Ukihisi kizunguzungu, keti au ulale mara moja.
4. Usiongeze wala kuacha dawa bila ushauri wa daktari.

Ukizirai, ukiumwa na kifua au ukiona kinyesi cheusi, nenda hospitali bila kuchelewa.

Mzee akianguka na kuvunjika nyonga, huenda asitembee tena kama zamani. Mgeni aliye mlangoni anaweza kungoja dakika moja.