SOMO: Kusomea Sera za Umma Kunatusaidia Nini?



Kamati za sharika hupokea barua za vijana wanaoomba kusaidiwa kusoma shahada ya uzamili. Anayeomba kusomea uuguzi hueleweka upesi. Anayeomba kusomea "sera za umma" au "utawala wa umma" huulizwa: akimaliza atatufanyia nini? Swali hili ni la haki, kwani fedha ni chache na wafadhili wanastahili jibu.

Masomo haya si mageni kwetu

Mfano wa karibu ni Mzumbe, mkoani Morogoro. Mwaka 1953 ilianzishwa hapo shule ya serikali za mitaa, iliyowafundisha machifu, madiwani na watumishi wao. Mwaka 1972 ikawa Chuo cha Uongozi wa Maendeleo, ambacho wengi walikijua kwa jina la IDM. Mwaka 2001 kikawa Chuo Kikuu Mzumbe.

Mwanafunzi hufundishwa nini?

Pamoja na uchumi, takwimu, sheria na bajeti, hufundishwa kuuliza maswali haya kwa utaratibu:

1. Tatizo hasa ni nini, na linamgusa nani?
2. Zipo njia ngapi za kulitatua?
3. Kila njia inagharimu kiasi gani, na nani atalipa?
4. Nani atatekeleza, na je, ana uwezo?
5. Tutajuaje kuwa tumefaulu?

Tuchukue mfano. Mwaka 2001 Tanzania ilifuta ada katika shule za msingi. Wanafunzi waliongezeka kutoka takriban milioni 4.9 mwaka huo hadi karibu milioni 8 mwaka 2006. Ilikuwa sera njema: watoto wa maskini waliingia darasani. Lakini walimu, madarasa na madawati havikuongezeka kwa kasi hiyo, na shule nyingi zikafurika. Msomi wa sera hasemi kwamba ada isingefutwa. Hujifunza kuuliza swali la nne mapema, watoto wakiwa bado hawajafika mlangoni.

Swali hilo linahusu hata kisima cha usharika. Pampu ikiharibika, nani atanunua vipuri? Mpango usiojibu hilo haujakamilika, hata kama mfadhili ameshatoa fedha.

Tahadhari kwa kamati

Shahada peke yake haileti maendeleo. Wapo wanaosoma kwa fedha za jumuiya, kisha hawaonekani tena. Kabla ya kumfadhili mwombaji, angalieni haya:

- Amewahi kufanya kazi na wananchi, na ana swali lililotokana na kazi hiyo?
- Utafiti wake utahusu jambo la eneo letu, kama maji, ardhi au afya?
- Yuko tayari kuandikiana mkataba wa kurudi kutumika kwa muda maalumu?
- Je, kozi fupi ya mipango na bajeti isingetosha kwa gharama ndogo zaidi?

Mwombaji asiye na majibu asikataliwe kwa dharau. Ashauriwe afanye kazi kwanza, aombe tena baadaye.

Maswali ya majadiliano

1. Chagueni mradi mmoja wa usharika wenu. Je, maswali yote matano yalijibiwa kabla ya kuanza?
2. Nani kati yenu anaweza kusoma bajeti ya kijiji na kuwaeleza wengine? Kama hayupo, mtamwandaa nani?